Madoa ya Miguuni

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima ya Nachingwea na Ruangwa, yaliyosomwa na Afisa wa Elimu ya Watu Wazima

Natumaini kila mmoja amekwisha kukaa mahali pake, na daftari liko mbele yake. Mwalimu amekwisha kuandika ubaoni kichwa cha somo letu la leo. Na tukisome pamoja, polepole: ma-do-a ya mi-guu-ni. Vema.

Doa ni mahali katika ngozi palipobadilika rangi. Pengine pamekuwa peusi kuliko ngozi nyingine, pengine peupe kidogo, pengine pekundu au pa rangi ya shaba. Karibu kila mtu mzima ana doa moja au mawili miguuni, na mengi hayana neno. Lakini yako machache ambayo mtu akiyadharau yatamgharimu mguu, na pengine maisha yake. Kazi yetu leo ni kuyatenga, kama vile mama achaguavyo mchele, akaondoa chuya na mawe kabla ya kuutia chunguni.

Mimi si mganga wa hospitali. Kazi yangu ni elimu. Haya nitakayosema ni mambo ambayo waganga wameyachunguza na kuyathibitisha. Somo hili halitamfanya mtu yeyote kuwa mganga. Litamsaidia kujua wakati wa kwenda kwa mganga, na hilo si jambo dogo.

Kabla hatujaendelea, naomba mshike neno moja. Doa linalowasha au kuuma humpeleka mtu zahanati, kwa sababu halimpi usingizi. Doa lisilowasha wala kuuma halimpeleki mtu popote. Huyo sharti ajipeleke mwenyewe. Tutaona kwa nini.

ALAMA ZITOKANAZO NA KAZI NA MAVAZI

Na tuanze na madoa ya kawaida.

La kwanza ni kovu na baka la kidonda kilichopona. Mtu akijikwaa kisikini, au akiumwa na mbu akajikuna mpaka ngozi ikachubuka, mahali pale hupona lakini rangi haiwi kama ya kwanza. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, mahali hapo huwa peusi zaidi, au peupe kidogo, kwa miezi mingi. Doa la namna hii lina habari yake: mwenyewe anajua lilianza lini na kwa sababu gani. Polepole hufifia.

La pili mnalijua kuliko mimi, maana wilaya zetu ni wilaya za korosho. Katika ganda la korosho mna mafuta mazito ya rangi ya hudhurungi, makali sana. Mtu anapochoma korosho motoni ili azibangue, mafuta hayo hutoka na kuruka. Yakigusa ngozi huiunguza. Ngozi hubabuka, hugeuka nyeusi, kisha humenyuka. Mikono ndiyo huumia zaidi, lakini hata miguu ya mtu aketiye karibu na moto, au akanyagaye maganda bila viatu, hupata madoa hayo. Yafaa kujipaka mafuta ya kula au ya mbarika mikononi na miguuni kabla ya kazi, kuvaa viatu, na kunawa kwa sabuni mara baada ya kazi. Watoto wachanga wasikae karibu na mahali pa kuchomea korosho.

La tatu ni la viatu. Mtu akivaa ndara za plastiki au viatu vya ngozi iliyotiwa dawa, pengine ngozi yake haipatani na dawa ile. Atatazama na kuona doa limekaa kama ukanda wa kiatu ulivyokaa, sawasawa, upande huu na upande huu. Huwasha, na pengine hutoa maji. Dawa yake ya kwanza ni kubadili viatu.

La nne ni funza, ambaye wengine humwita tekenya. Huyu huingia katika vidole na visigino, hasa penye vumbi na mifugo. Huonekana kama duara dogo jeupe lenye nukta nyeusi katikati, nalo huwasha sana. Anayemtoa atumie sindano safi, kisha asafishe kidonda kwa maji na sabuni, kwa maana pepopunda huweza kuingia mahali hapo.

La tano ni fangasi. Kati ya vidole ngozi huwa nyeupe, laini, na hupasuka. Juu ya mguu huwa duara lenye ukingo ulioinuka na magamba madogo madogo, nalo watu huliita choa. Huwasha, hasa mtu akitoka jasho. Zahanati wana dawa ya kupaka. Lakini dawa peke yake haitoshi: mtu akaushe miguu baada ya kuoga, hata kati ya vidole, na asivae kiatu chenye unyevu.

Haya matano yana jambo moja la kufanana. Ama huwasha, ama huuma, ama mwenyewe anajua yalikotoka. Kwa hiyo hayampotezi mtu sana.

MADOA YANAYOFANYA WATU WAOGOPE BURE

Mbalanga ni weupe mtupu, kama maziwa. Huanza katika vidole vya mikono au miguu, au kando ya midomo, kisha pengine huenea. Mahali penye mbalanga mtu anahisi kama kawaida: ukimgusa anajua, ukimfinya anaumia. Mbalanga hauambukizi. Mtu mwenye mbalanga anaweza kula sahani moja na wenziwe, kuoa na kuolewa, na kupakata watoto. Ngozi ile imepoteza rangi yake tu. Ajikinge na jua kwa nguo na kofia, kwa maana ngozi isiyo na rangi huungua upesi.

Kuna pia maradhi yanayotokana na chakula, jina lake pelagra. Huwapata watu ambao kwa muda mrefu hula ugali wa mahindi bila kitoweo cha maana. Ngozi ya juu ya miguu, ya mikono na ya shingo, mahali panapopigwa na jua, hugeuka nyeusi na kukwaruza, miguu yote miwili sawasawa. Mgonjwa huharisha, na mwisho akili huchanganyikiwa. Hapa hofu si ya bure kabisa, maana akiachwa atakufa. Lakini dawa yake ni vitamini kutoka zahanati, na kinga yake iko shambani kwetu: karanga, kunde, mbaazi, samaki, mayai na nyama.

DOA JEUSI LA UNYAYONI

Sasa tumefika kwenye madoa ya kuangalia kwa makini.

Ni nani kati yetu aliyetazama nyayo zake leo? Uso tunautazama kila asubuhi katika kioo. Nyayo huenda zikapita mwaka hazijatazamwa. Basi, iko saratani ya ngozi ambayo kwa watu weusi hupenda kuanza nyayoni, viganjani, au chini ya ukucha. Mwanzo ni doa jeusi dogo, halina maumivu. Kisha hukua. Ukingo wake hauko sawa, kama ramani. Rangi yake si moja: hapa jeusi, pale kahawia. Mwisho hutoa damu au hugeuka kidonda kisichopona.

Wengi wenu mmesikia nyimbo za Bob Marley wa Jamaika, yule aliyekuja Afrika mwaka 1980 kuimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Mwaka 1977 waganga waligundua saratani ya namna hii chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wake. Mwanzo ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Alifariki dunia tarehe 11 Mei 1981, naye alikuwa na umri wa miaka 36 tu. Maradhi yaliyoanzia chini ya ukucha yalikuwa yamefika ubongoni.

Kwa hiyo doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha, ambalo halikutokana na jeraha unalolikumbuka, na ambalo linakua mwezi hata mwezi, usilingoje. Kadhalika vinundu vigumu vya rangi ya zambarau vinavyotokea nyayoni au miguuni, hata kama haviumi. Hiyo ni saratani nyingine, na pengine huonyesha kwamba mwili umepungukiwa na kinga kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Yote mawili yanatibika vizuri zaidi yakiwahiwa.

DOA LISILO NA HISIA

Tumebaki na doa moja, nalo ndilo lililonifanya nichague somo hili kwa wilaya zetu. Ni doa la ukoma.

Pengine mtu atasema, “Ukoma? Si ulikwisha?” Ni kweli kwamba umepungua sana. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, yaani mgonjwa asiyefika mmoja katika kila watu 10,000. Lakini kupungua si kwisha. Duniani kote mwaka 2023 waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000. Na hapa nchini wagonjwa hawakutawanyika sawasawa: ziko wilaya ambazo hazioni mgonjwa kwa muda mrefu, na ziko ambazo bado wanaonekana. Mwaka 2015, nchi kadhaa zilipoanza kujaribu dawa ya kuwakinga watu wanaoishi na wagonjwa, Tanzania ilichagua wilaya tatu zenye wagonjwa: Kilombero, Nanyumbu na Liwale. Liwale ni jirani yetu, nasi tu mkoa mmoja wa Lindi. Kwa hiyo habari hii si ya watu wa mbali.

Ukoma huletwa na kijidudu. Aliyekiona kwanza ni mganga wa Norway, jina lake Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Kabla ya hapo waganga wengi wa Ulaya waliamini kwamba ni maradhi ya kurithi. Si ya kurithi. Wala hayaletwi na uchawi, wala laana ya wazee, wala kula nyama ya mwiko. Kijidudu hutoka kwa mgonjwa asiyetibiwa, kwa njia ya pumzi, na huwapata zaidi watu wanaokaa naye karibu kwa muda mrefu. Hata hivyo watu wengi mno, kama 95 katika kila 100, miili yao hukishinda wala hawaugui.

Kijidudu hiki ni mvivu. Hukua polepole sana. Toka kuingia mwilini mpaka doa kuonekana, kwa kawaida hupita kama miaka mitano, na pengine hufika ishirini. Ndiyo maana mgonjwa hawezi kukumbuka alikoupata.

Kinachokaliwa na kijidudu ni ngozi na mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari kutoka mguuni mpaka kichwani: hapa pana moto, hapa pana mwiba, hapa kiatu kinabana. Mishipa ikiharibika, habari hazifiki. Mguu umekuwa kama kijiji ambacho njia yake imekatika: nyumba zinaungua na hakuna wa kuleta habari.

Basi mtu huyu hukanyaga kaa la moto asijue. Kokoto hukaa katika kiatu chake toka nyumbani mpaka shambani, na jioni huona damu. Kidonda hakimuumi, kwa hiyo haachi kukikanyaga. Usaha huingia hata mfupani. Watu husema, “Ukoma umemla vidole.” Sivyo. Paul Brand, mganga mpasuaji aliyetibu wagonjwa huko Vellore, India, alionyesha kwamba vidole haviliwi na kijidudu. Hupotea kwa majeraha yasiyohisiwa, moja baada ya moja, siku baada ya siku. Hii ni habari njema, mabibi na mabwana, maana majeraha tunaweza kuyazuia.

NAMNA YA KULITAMBUA

Na tutoe mfano. Kijana mmoja amekwenda kumtazama mjomba wake. Mjomba amenyoosha miguu barazani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Karibu ukae.”

“Mjomba, hapo juu ya mguu pana nini?”

“Alama tu. Ipo tangu mwaka juzi.”

“Inakuwasha?”

“Haiwashi.”

“Ulichomwa na mwiba?”

“Huenda. Sikuhisi.”

Mjomba amejibu kama watu wengi wanavyojibu. Sasa kijana afanye nini? Asimtie hofu mzee wake. Achukue pamba kidogo, aisokote ncha iwe nyembamba. Kwanza amguse mjomba kwa pamba hiyo mahali penye ngozi nzuri, huku mjomba anatazama, ili aelewe. Kisha mjomba afumbe macho. Kijana aguse taratibu, mara ngozi nzuri, mara doa, bila mpango, na kila anapoguswa mjomba aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Ikiwa penye ngozi nzuri anaonyesha sawa, na penye doa haonyeshi kitu, na ikiwa ni hivyo hivyo mara ya pili na ya tatu, waende zahanati. Wasingoje mavuno.

Msitumie sindano, wala kaa la moto. Tena msijaribu kisiginoni, kwa kuwa pale ngozi ni nene na hata mtu mzima wa afya hahisi pamba.

Ziko dalili nyingine. Doa la ukoma hafifu ya rangi, au jekundu kidogo. Si jeupe mtupu kama mbalanga. Mtu hazaliwi nalo. Haliwashi. Halitoki leo likarudi kesho. Aghalabu vinyweleo vyake hupungua. Mtu akitoka kulima, mwili wote umelowa jasho, lakini doa limebaki kavu. Baadaye mtu huanza kuhisi ganzi au kama sisimizi wanatambaa mguuni. Ndara humtoka mguuni akiwa anatembea, naye hajui mpaka aambiwe na wa nyuma. Mguu huanza kuburuta, vidole vikajikwaa. Huyo amechelewa, lakini hata yeye hajakosa msaada.

Pia yafaa kujua kwamba wako wagonjwa wa ukoma ambao madoa yao bado yana hisia. Kwa hiyo pamba ikihisiwa, na doa limekaa miezi bila sababu inayojulikana, aende vilevile. Na mtu mwenye ganzi katika miguu yote miwili, hata bila doa, aende apimwe kisukari, kwa kuwa kisukari nacho huua hisia za miguu.

MATIBABU

Zamani dawa ya ukoma haikuwapo. Wakati wa Wajerumani na wa Waingereza wagonjwa walitengwa katika vijiji vyao. Huko Kindwitwi, Rufiji, mmisionari wa Kiingereza Robin Lamburn, ambaye kabla yake alifanya kazi miaka mingi upande wa Masasi, alikaa na wagonjwa wa ukoma toka miaka ya 1960 mpaka alipofariki mwaka 1993. Alikula nao, akalima nao, wala hakuwaogopa.

Dawa ya kwanza ya kufaa, dapsoni, ilianza kutumika katika miaka ya 1940. Ilikuwa nzuri, lakini ilimezwa miaka mingi, na mwisho vijidudu vingine viliizoea. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa ziunganishwe: rifampisini, klofazimini na dapsoni. Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 1983. Tangu mwaka 1995 dawa hizi hutolewa bure duniani kote.

Mgonjwa mwenye madoa yasiyozidi matano humeza dawa kwa miezi 6. Mwenye zaidi ya hayo humeza kwa miezi 12. Dawa huja katika pakiti, pakiti moja kwa siku 28. Dozi kubwa ya mwezi huimeza mbele ya mtumishi wa afya, na zilizobaki humeza nyumbani kila siku. Mara tu baada ya kuanza dawa, haambukizi tena mtu yeyote. Hana haja ya kutengwa hata siku moja. Alale nyumbani kwake, alime shamba lake, na aje darasani.

Mambo mawili huwatisha wagonjwa wakaacha dawa. La kwanza, mkojo huwa mwekundu baada ya dozi ya mwezi. Si damu, ni rangi ya rifampisini. La pili, klofazimini huifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi. Weusi huo huondoka polepole baada ya kumaliza dawa. Lakini madoa yakivimba ghafula, au mishipa ikauma, au mkono au mguu ukalegea, huo ni mwili unaopigana na vijidudu, na hatari yake ni kubwa kwa mishipa. Mgonjwa asiache dawa, na arudi hospitali siku hiyo hiyo. Iko dawa ya kutuliza jambo hilo.

Watu wanaoishi naye nyumba moja nao wakaguliwe, watoto kwa wakubwa.

Kila wilaya ina mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma, chini ya Mpango wa Taifa ulioanzishwa mwaka 1977. Huna haja ya kumtafuta mwenyewe. Nenda zahanati ya kijiji chako, useme, “Nina doa mguuni lisilohisi.” Maneno hayo manne yanatosha.

MGUU ULIOKUFA GANZI

Dawa huua kijidudu, lakini mshipa uliokwisha kuharibika zamani hauwezi kurudi wote kama ulivyokuwa. Kwa hiyo mwenye ganzi ajifunze kutumia macho mahali pa hisia.

Kila jioni aloweke miguu katika maji ya baridi kwa muda wa nusu saa. Asugue ngozi ngumu kwa jiwe laini. Ajipake mafuta kabla maji hayajakauka. Atazame nyayo, na kama haoni vizuri, mkewe au mtoto amtazamie. Kabla ya kuvaa kiatu, aingize mkono ndani kutafuta kokoto au msumari. Viatu viwe na soli ngumu chini na kitu laini ndani. Katambuga hufaa, lakini fundi azishone kwa uzi, asizipigilie misumari. Asikae karibu na moto. Akiona kidonda, apumzishe mguu ule mpaka kipone, hata kama hakiumi. Hasa kwa kuwa hakiumi.

HAYA NA WOGA

Nimebakiza jambo gumu kuliko yote, nalo haliko mguuni. Ni woga wa maneno ya watu.

Mtu huona doa, moyo wake hushtuka, akalificha chini ya suruali au kanga. Huwaza, “Nikienda zahanati watajua. Mke wangu ataondoka. Watu hawatanunua maandazi yangu.” Hungoja. Baada ya miaka mitatu mkono umekunjamana na mguu unaburuta, na lile alilokuwa akilificha linaonekana kutoka mbali. Mwenziwe aliyekwenda na doa moja dogo alimeza dawa miezi sita, na leo hakuna ajuaye kwamba aliugua, isipokuwa atake kusema mwenyewe. Ni yupi aliyeilinda heshima yake?

Wengine huenda kwanza kwa waganga wa miti shamba, wakachanjwa chale juu ya doa au wakachomwa. Simtukani mtu. Lakini kuchanja mahali pasipohisi ni kuongeza kidonda juu ya ganzi, na miezi inayopotea haina fidia.

Sisi wengine nasi tuna wajibu. Tusimwite mtu “mkoma”, kana kwamba maradhi ndiyo jina lake. Ni mtu mwenye ukoma, na akimaliza dawa ni mtu aliyepona. Anayemcheka mgonjwa humfundisha jirani yake kuficha doa, na doa linalofichwa ndilo linaloambukiza watoto wa kijiji.

Kabla ya somo lijalo nawapa kazi ya nyumbani. Kesho mchana, penye mwanga wa kutosha, tazameni miguu yenu, juu na nyayoni na kati ya vidole. Tazameni na miguu ya wazee na watoto wa nyumba yenu. Ukiona doa usilolijua asili yake, andika katika daftari: liko wapi, tangu lini, linawasha au haliwashi. Daftari hilo uende nalo zahanati. Umejifunza kuandika, sasa maandishi yako yatamsaidia mganga.

 

MANENO YA KUJIFUNZA KUSOMA NA KUANDIKA

doa, madoa
unyayo, nyayo
ukucha, kucha
ganzi
mshipa wa fahamu
kijidudu
zahanati

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja madoa matatu ya miguuni yatokanayo na kazi au mavazi. Kila moja litambulike kwa alama gani?
2. Mbalanga na ukoma vina tofauti gani?
3. Kwa nini mtu mwenye ukoma hupoteza vidole?
4. Mwanafunzi mmoja aeleze mbele ya wenzake jinsi ya kupima doa kwa pamba.
5. Mgonjwa anakunywa dawa, akaona mkojo mwekundu. Mtamwambia nini?
6. Jirani yako anaficha doa kwa sababu ya haya. Utaanzaje kuzungumza naye?